Chuma Kikichelewa Kupanda

Wiki mbili kabla ya UE, mida ya saa moja jioni, nilimkuta rumeti wangu amelala chali kwenye benchi ya jimu letu la nyuma ya hosteli, chuma kimemkalia kifuani. Hakupiga kelele. Ni miguu tu iliyokuwa ikitapatapa. Mimi na jamaa mmoja tulikimbia tukakishika kila mtu upande wake, tukakitoa.

Vyuma vyetu mnavijua. Ni bomba lenye kopo la rangi kila upande, limejazwa zege, na uzito umeandikwa kwa brashi. Chuma cha kiwandani ukikwama nacho, kama hukufunga vifungio, unakiinamisha upande mmoja sahani zinateleza zinaanguka, unapona. Zege halimwagiki. Kikikulalia kifuani kinabaki hapo hapo, au kinateremka kuelekea shingoni, na hapo stori inakuwa nyingine kabisa.

Alipoinuka, kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Mbona wiki iliyopita nilikipiga mara kumi?" Na kweli alikipiga mara kumi, nilikuwepo. Jioni ile kilimshinda mara ya sita. Chuma ni kile kile kilichoandikwa 60. Kilichobadilika ni yeye: usiku mbili mfululizo amelala saa tatu tatu, anamalizia kazi ya kikundi ambayo wenzake waliikimbia, na tangu asubuhi alikuwa na chai na chapati moja tumboni.

Swali nililobaki nalo ni kama angeweza kujua mapema. Sio baada ya kukwama, kabla. Mimi nasoma elimu ya viungo, mwaka wa tatu, na jibu lilikuwa kwenye madesa yangu muda wote. Angejua kwa kasi. Chuma kinavyopanda, haraka au taratibu, ni taarifa kamili ya hali ya msuli dakika ile. Bahati nzuri, yule jamaa aliyenisaidia alikuwa anajirekodi kwa ajili ya status, na kwenye kona ya video yake rumeti wangu anaonekana vizuri tu, kuanzia mara ya kwanza hadi ya sita. Tutairudia hiyo video baadaye.

Kwanza tuangalie tunavyojipima siku zote. Wengi tunahesabu: seti nne za mara kumi, basi. Waliosoma kidogo wanatumia asilimia: tafuta uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja, kisha fanya mazoezi kwa asilimia 70 au 80 yake. Njia hizi si mbaya, ila kila moja ina tundu. Ule uzito wako wa juu haukai mahali pamoja. Ukilala vizuri unapanda, ukikesha unashuka, ukiugua malaria unashuka zaidi. Asilimia 70 uliyoipigia hesabu mwezi uliopita, leo inaweza kuwa 80 bila wewe kujua. Halafu watu wawili wakiwekewa asilimia 70 ya uwezo wao, mmoja anaishia mara ya tisa na mwingine anafika kumi na tano. Ukiwaambia wote wapige nane, wa kwanza anakaribia kufa na wa pili ndiyo kwanza anaanza kutoka jasho. Kwenye karatasi wamefanya kazi sawa.

Njia ya tatu ni kujisikia. Hii siidharau, mnyanyuaji mzoefu anaujua mwili wake. Lakini kujisikia kunadanganywa na vitu vingi: muziki, kahawa, dada fulani aliyesimama mlangoni.

Sasa kasi. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1938 mwanafiziolojia Mwingereza, Archibald Vivian Hill, alichapisha kazi yake juu ya misuli ya chura na joto inalotoa inapofupika. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Nobel ya tiba ya mwaka 1922 aliigawana na Mjerumani Otto Meyerhof kwa kazi ya misuli hiyo hiyo. Alichokionyesha mwaka 1938 ni kwamba uzito na kasi vina uhusiano maalum. Mzigo ukiwa mwepesi msuli unafupika haraka, na kadiri mzigo unavyoongezeka kasi inashuka, kwa mchoro wa mkunjo unaojulikana, mpaka unafika mzigo ambao msuli unaushikilia tu bila kuusogeza.

Utasema hilo hata msukuma mkokoteni analijua. Sawa, lakini sababu yake ndiyo tamu. Ndani ya uzi wa msuli kuna vichwa vidogo vidogo vya protini vinavyodaka uzi wa jirani, vinavuta, vinaachia, vinadaka tena. Fikiria wavuvi wanaovuta kokoro ufukweni. Wavu ukiwa mtupu, kamba inakuja mbio, na wakati wowote ukitazama utaona mikono mingi iko hewani, imeachia inatafuta pa kushika. Wavu ukiwa umejaa, kamba inakuja polepole na karibu mikono yote imeshika kwa pamoja. Nguvu kubwa, mwendo mdogo. Msuli hauwezi kutoa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Watu wa michezo walichelewa kuigeuza elimu hii kuwa kipimo cha jimu, hasa kwa sababu ya vifaa. Waliofanya kazi kubwa ni Wahispania. Mwaka 2010, Juan José González-Badillo na Luis Sánchez-Medina wa Seville walichapisha utafiti wa benchi uliofanywa na wanaume 120 waliozoea kunyanyua. Waliwapima kasi ya chuma kwa uzito mbalimbali, kuanzia mwepesi mpaka ule wa mwisho. Wakakuta kila asilimia ya uwezo ina kasi yake, na kasi hiyo inafanana sana kati ya mtu na mtu, awe ananyanyua kilo 70 au 120. Kwenye benchi, asilimia 70 ya uwezo inapanda kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde. Asilimia 80 inapanda karibu 0.47. Asilimia 90, karibu 0.32. Uzito wa mwisho kabisa, ule unaopanda huku mtu anatetemeka, ni kati ya 0.15 na 0.2. Skwati ina namba zake, kubwa kuliko hizo: uzito wa mwisho unapanda kwa takriban 0.3.

Soma tena namba hizo ukimfikiria rumeti wangu. Uzito ambao siku ya kawaida unapanda kwa 0.6, leo ukipanda kwa 0.47 huku umeusukuma kwa nguvu zako zote, maana yake kwa mwili wako wa leo huo ni uzito wa asilimia 80. Hakuna aliyeongeza zege. Umepungua wewe.

Sharti lipo moja na halina mjadala: kila rudio, kuanzia la kwanza, usukume kwa kasi yote uliyonayo. Kushusha unaweza kushusha kwa utulivu, ila kupandisha ni kama unataka kukirusha. Ukianza kwa kujitunza, unapandisha polepole makusudi ili "kubana misuli", kasi haikuambii kitu, kwa sababu hatujui kama chuma kimechelewa kwa uchovu au kwa kupenda kwako. Nakiri jambo hili liliniudhi mwanzoni, maana mimi mwenyewe nilikuwa wa kubana misuli.

Tuje kwenye uchovu wenyewe. Ukianza seti, msuli unatumia ATP, ambayo ndiyo nishati yenyewe, na akiba yake ni ya sekunde chache tu. Inajazwa haraka na fosfokreatini. Tatizo ni kwamba fosfokreatini ikivunjika inaacha fosfeti nyingi ndani ya uzi, na fosfeti hiyo inavuruga vile vichwa, vinadaka kwa nguvu ndogo. Pia inavuruga kalsiamu. Kila amri ya neva ikifika, kalsiamu inatakiwa imwagike kutoka ghala lake ndani ya uzi ili vichwa vipate ruhusa ya kudaka. Uchovu ukizidi, kinachomwagika kinapungua. Na huko juu, ubongo na uti wa mgongo navyo vinapunguza amri zinazotumwa. Kwa ufupi wavuvi wamepungua, na waliobaki wanashika kwa ulegevu. Wavu ni ule ule, kamba inakuja polepole zaidi.

Utagundua sijaitaja asidi. Kila jimu la mtaani kuna mzee anayesema maumivu ya kesho yake ni "asidi imeganda". Hapana. Lakteti inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, wakati maumivu yale yanafika kilele siku ya pili au ya tatu, na yanatokana na msuli kuumia kidogo kidogo, hasa pale unaposhusha mzigo. Hata ule uchovu wa ndani ya seti, zamani ulisukumiwa asidi peke yake. Majaribio ya baadaye, yaliyofanywa misuli ikiwa kwenye joto la mwili badala ya baridi ya maabara, yameonyesha mchango wa asidi ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Lakteti inabaki kuwa alama ya kazi iliyofanyika, kama majivu yanavyoonyesha kuni zilizoungua.

Mwaka 2011 Sánchez-Medina na González-Badillo wakauliza swali ninalolipenda zaidi katika habari hii yote: je, kushuka kwa kasi ndani ya seti kunaweza kusimama badala ya vipimo vya maabara? Walichukua wanaume 18 wenye mazoezi, wakawafanyisha benchi na skwati kwa mipango 15 tofauti. Kuna siku mtu anapiga sita wakati anaweza kumi na mbili, kuna siku anapiga zote kumi na mbili. Kabla na baada walipima damu, na walipima pia urefu wa kuruka kwa upande wa skwati. Matokeo yalikuwa karibu mstari mnyoofu. Kadiri kasi ilivyoshuka ndani ya seti, ndivyo lakteti ilivyopanda na ndivyo mtu alivyoruka chini zaidi. Amonia, ambayo ni dalili kwamba msuli umeanza kuchimba akiba yake ya ndani kabisa, ilikaa karibu na kawaida mpaka mtu alipopita kidogo nusu ya marudio aliyoyaweza, kisha ikaanza kupaa.

Kwa lugha ya hosteli: ile nusu ya mwisho ya seti, ile ya kukunja uso na kupiga kelele, gharama yake hailingani na nusu ya kwanza. Ni ghali zaidi, na deni lake unalilipa kesho na keshokutwa.

Je, deni hilo lina faida? Hapa ndipo ugomvi unapoanza jimuni, kwa sababu imani ya wengi ni kwamba seti isiyofika mwisho haijahesabiwa. Mwaka 2017 Fernando Pareja-Blanco na wenzake walichapisha jaribio la wiki nane. Vijana wa kiume walifanya skwati mara mbili kwa wiki, uzito wa asilimia 70 hadi 85. Kundi moja lilisimamisha kila seti kasi iliposhuka kwa asilimia 20 kutoka kwenye rudio bora la seti ile. Kundi la pili liliendelea mpaka ishuke kwa asilimia 40, ambako wengi huwa wamefika mwisho au wanakaribia. Kundi la kwanza, mpaka wiki nane zinaisha, lilikuwa limefanya takriban asilimia 60 tu ya marudio ya kundi la pili.

Nguvu za skwati zikaongezeka karibu sawa. Kuruka, kundi la asilimia 20 lilipanda kwa asilimia 9.5, na lile la asilimia 40 kwa asilimia 3.5. Ila kundi la asilimia 40 ndilo lililonenepesha zaidi msuli wa mbele ya paja, na ndilo lililopoteza sehemu ya nyuzi zake za kasi kubwa kabisa.

Msinielewe vibaya, sisemi asilimia 20 ndiyo dini mpya. Ukitaka mapaja yajae suruali, ile ya 40 ina hoja yake, na utafiti huu wenyewe unaiunga mkono. Lakini ukicheza mpira wa wavu, ukikimbia mita 100, au ukiwa na pepa saa mbili asubuhi, sioni kwa nini ulipe karibu mara mbili kwa nguvu ile ile. Wengi wetu hapa tunapiga chuma jioni na kupiga msuli usiku, yaani kusoma, kwa wasioijua lugha yetu. Misuli yote miwili inategemea usingizi ule ule na wali maharage ule ule. Wakati bumu limechelewa na unakula mara moja kwa siku, kwenda mpaka mwisho kila seti ni kukopa kwa riba.

Basi tunapimaje? Vifaa vya kitaalamu vipo. Kuna kijisanduku kinachokaa sakafuni na kamba nyembamba inayofungwa kwenye chuma. Kamba ikivutika, kinasoma umbali na muda. Kuna vidude vinavyovaliwa mkononi au kubandikwa kwenye chuma. Bei zake tuziache, zitatuharibia siku. Simu yako inatosha, ukielewa hesabu moja.

Video ni picha za mnato zinazopita haraka. Simu ya kawaida inapiga picha 30 kwa sekunde, ukiibadilisha kwenye mipangilio nyingi zinafika 60, na zenye mwendo wa taratibu zinafika 240. Programu nyingi za bure za kuhariri video zinakuruhusu kusogeza picha moja moja. Tafuta picha ambayo chuma kinaanza kuondoka kifuani, kisha picha ambayo mikono imenyooka, hesabu zilizo katikati. Gawanya kwa 30 unapata sekunde. Pima kwa futi ya fundi umbali ambao chuma kinasafiri, tuseme sentimeta 40, yaani mita 0.4. Picha 22 ni sekunde 0.73, na 0.4 ukigawa kwa 0.73 ni mita 0.55 kwa sekunde. Ndiyo kasi yako.

Ila kwa kupima uchovu hata futi huihitaji, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Umbali ni ule ule kila rudio, kwa hiyo uwiano wa kasi ni uwiano wa muda uliopinduliwa. Kasi ikishuka kwa asilimia 20 imebaki 0.8 ya mwanzo, maana yake muda umekuwa muda wa mwanzo ukigawa kwa 0.8. Picha 22 zinakuwa 27 na nusu. Kwa asilimia 40 unagawa kwa 0.6, zinakuwa karibu 37. Huna haja ya kujua sentimeta, na la muhimu zaidi kwetu, huna haja ya kujua kilo. Tulikipeleka kile chuma kilichoandikwa 60 kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mizani ikasema 57. Aliyekiandika alizungusha hesabu, au zege lilikauka, Mungu ndiye anajua. Njia ya asilimia ya uwezo inaharibika hapo hapo, kwa sababu imejengwa juu ya kilo. Njia ya kasi haijali. Mradi chuma ni kile kile, kinakupima.

Makosa yapo, tuyaseme. Kwa picha 30 kwa sekunde unaweza kukosea picha moja mwanzo au mwisho, na moja kati ya 22 ni karibu asilimia 5. Kwa hiyo ukiona picha 23 badala ya 22 usianze kuandika wosia. Ukiona 27, hiyo ni habari. Ukiweza weka 60, kosa linapungua kwa nusu. Rekodi kukiwa na mwanga, kwa sababu simu nyingi giza likiingia zinapunguza idadi ya picha kimya kimya ili video isiwe nyeusi, na hesabu yako yote inapotea. Simu ikae mahali pamoja, usawa wa benchi, isishikwe na mtu. Usitumie saa ya kubonyeza, kidole chako kinachelewa kiasi cha robo ya sekunde, na robo ya sekunde hapa ndiyo tofauti nzima tunayoitafuta. Na usidundishe chuma kifuani. Kikidunda kinapanda haraka kwa mbavu zako, sio kwa misuli.

Namba za Seville nazo usizibebe kama zilivyo. Zilitoka kwa wanaume waliozoea, kwenye mashine inayoongoza chuma kwenye reli. Chuma kinachoyumba, mtu mwenye mikono mirefu, dada ambaye mchoro wake wa uzito na kasi unaweza usifanane na wa kaka, wote watapata kitu tofauti kidogo. Jitengenezee daftari lako. Wiki mbili za siku nzuri zinatosha kujua kawaida yako. Na njia hii inakaa vizuri kwenye benchi, skwati, kuvuta na kujivuta juu. Mazoezi madogo ya kukunja mkono mmoja sioni sababu ya kuyahangaikia.

Turudi kwenye ile video ya status. Tulikaa nayo kitandani usiku ule ule, rumeti wangu kajishika kifua, mimi nahesabu. Tulikuwa na video yake nyingine ya wiki iliyopita, ya zile mara kumi, alijirekodi mwenyewe kwa kujisifu. Siku ile nzuri, rudio la kwanza lilichukua picha 22. Jioni ya ajali, rudio la kwanza lilichukua picha 28. La kwanza kabisa, mtu ana pumzi zake zote, hajachoka kwa seti hiyo hata kidogo. Chuma kilikuwa kimeshamwambia kwamba leo si siku yake, kabla hajafika mara ya pili. Mara ya tano ilikuwa picha 49. Ya sita haikuisha.

"Kwa hiyo ningeacha ya kwanza tu?" akaniuliza.

Nikamwambia angeacha chuma kile, sio mazoezi. Angechukua kilichoandikwa 45, apige seti mbili, aishie kasi inapoanza kudondoka, akale, akalale. Akanyamaza kidogo, halafu akasema 45 ni cha mwaka wa kwanza.

Tangu hapo tuna utaratibu. Baada ya kupasha mwili moto, kila mmoja anapiga rudio moja la chuma chake cha kawaida, mwenzake amesimama kichwani tayari kushika. Tunaangalia video. Likiwa ndani ya picha mbili za kawaida yake, kazi inaendelea, na seti inakatwa mara rudio linapofika picha 27 au 28 kwake. Kwangu ni 31, mikono yangu ni mirefu. Hatuhesabu kila rudio, tungezeeka. Tunapima la kwanza na la mwisho la kila seti, na baada ya wiki kama tatu jicho limezoea, mwenzako anasema "weka chini" na ukienda kwenye video unakuta alikuwa sahihi au amekosea kwa rudio moja. Kuna jioni amefanya seti mbili tu. Kuna jioni moja amefanya sita, na ilikuwa siku aliyodai amechoka.

Wiki ya pepa zenyewe alipima mara tatu: 26, 27, 25. Hakugusa kile cha 60 hata siku moja kati ya hizo, alitumia cha 45 huku akinung'unika kwamba watu wanamwona. Jumamosi baada ya pepa ya mwisho alilala mpaka saa saba mchana, akala ugali na samaki, jioni akaja jimuni na simu ikiwa na chaji asilimia tisa. Picha 21. Hakuamini, akaniambia nihesabu tena.